Tangazo la Bathsheba wa Keumbu

Keumbu,
8 Machi 1999

Kwa mwanangu Mokeira,

Pokea salamu nyingi kuliko majani ya chai ya Gesima, na kama baridi ya huko Minneapolis imezigandisha, zisogeze karibu na jiko kwanza ndipo usome. Mimi baba yako mdogo Masese niko mzima na sura bado ninayo. Nyanya yako Bathsheba ana miaka sabini na minane na bado anafukuza kuku kwa mbio. Mvua imekubali. Ng'ombe mweusi amezaa dume, na mama amenuna kwa sababu alikuwa ameombea jike kanisani, mbele ya watu.

Nakuandikia Kiswahili maana wewe ni mzaliwa wa Mombasa, na Ekegusii unakisema kama mtu anayekanyaga miba. Si kitu. Mimi Kiswahili nilikiokota hukohuko Mombasa, nikipaka rangi malori pamoja na marehemu baba yako. Darasa la saba sikulimaliza, lakini nimeishi miji minne, na mitatu ililia nilipoondoka. Wa nne ulikuwa umelala.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umefungua ukurasa kwenye intaneti, Wakisii walioko Amerika wasome habari za nyumbani: nani ameoa, nani amejifungua, nani ametutoka. Sababu umeiandika kwa mstari mmoja tu, lakini nimeielewa. Kaka yangu alipofariki, habari ilikufikia wiki mbili baada ya kumzika. Barua ile niliipeleka posta mimi mwenyewe, badala ya kwenda Kisii mjini kutafuta simu. Basi tuyaache hayo.

Sasa unasema matangazo ya biashara ndiyo yatakayolipia ukurasa huo, na watu hawayabonyezi. Mwanangu, umefika kwa fundi. Kutoka Keumbu mpaka Ogembo, ukiona ubao wa duka unaosomeka hata na mtu aliyebeba mkungu kichwani, huo ni mkono wangu. Ukiona ng'ombe wa bucha anayefanana na mbwa, huyo ni wa fundi mwingine, na mimi humwombea.

Tena nimekutafutia mteja: Praful wa Kisii mjini, mwenye duka la vinyago na mabakuli ya mawe. Mwanawe Mehul ana kompyuta, na amenionyesha ukurasa wako. Tangazo ulilomwekea babake limekaa kama kiraka kwenye suruali nyeusi. Nani atabonyeza kiraka? Weka nyekundu na manjano. Herufi ziwe kubwa kama mbuzi. Liwake na kuzima kama taa ya polisi. Utanishukuru.

Ni mimi,
Masese, fundi wa mabango

*

Minneapolis,
2 Aprili 1999

Shikamoo Baba Mdogo,

Natumaini nyote ni wazima, na Nyanya amemsamehe yule ndama. Theluji inayeyuka, na barabara ni matope matupu kama soko la Keumbu siku ya mvua. Kazini kwangu ni kulekule, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kuna bibi mmoja pale ananiita kwa jina la binti yake, na mimi huitika.

Nilifanya ulivyosema. Nyekundu, manjano, kuwaka na kuzima. Wiki ile watu mia mbili waliufungua ukurasa. Waliobonyeza tangazo ni sita, na wanne kati yao walinipigia simu kulalamika kwamba walikuwa wakitafuta mahali pa kulizima. Mzee Ombati, mwenyekiti wa chama chetu cha Wakisii huku, alinisimamisha nje ya kanisa. Akaniambia, "Mokeira, nimefungua nione shemeji yangu anazikwa lini, nikaona nimeingia disko."

Nilicheka, lakini kilichofuata hakikunichekesha. Aliniuliza, "Sasa hizo habari zenyewe, nazo ni za kweli?"

Baba Mdogo, hiyo ndiyo inayoniogopesha. Nikiandika msiba, mtu huku anaomba ruhusa kazini, anakopa, anakata tiketi ya ndege. Anaamini kwa sababu ni mimi nimeandika. Hana kitu kingine cha kushika. Lakini Bwana Praful naye amesema asipoona watu wakibonyeza kufikia Juni, ataondoa tangazo lake. Akiliondoa, mimi siwezi kuulipia ukurasa peke yangu, utafungwa. Nifanye nini?

Wako,
Mokeira

*

Keumbu,
26 Aprili 1999

Mwanangu Mokeira,

Sisi tuko, tunapumua na kula mboga zetu za chinsaga. Chai imepanda kidogo na maneno ya wenye chai yamepanda zaidi. Nyanya yako anakusalimu na anauliza kama umeolewa. Nimemwambia uko mbioni. Usiniangushe.

Kuhusu lile disko, kosa ni la vioo vya kompyuta, ni vidogo mno kwa kipaji kama changu. Lakini nimefikiri, na mimi nikifikiri hata mbwa hunyamaza. Bango halihitaji kelele, linahitaji uso. Pale Mombasa niliwahi kumchorea kinyozi vichwa sita vya vijana, hakuna aliyeingia. Nikachora kichwa cha mzee mmoja aliyenyolewa vizuri, wakajipanga mpaka nje. Mtu anajiambia, mzee huyu hawezi kuwa anadanganya.

Kwa hiyo nimekutumia picha ya nyanya yako, ile aliyopigwa kwenye makambi ya kanisa mwaka jana, macho yametulia. Mehul ataipitisha kwenye mashine yake ikufikie kwa kompyuta. Nimeizungushia fremu nyeusi, mistari miwili, minyoofu kama reli. Siku hizi naandika misalaba ya makaburi kuliko mabango ya maduka, mkono umezoea mstari ulionyooka. Chini yake nimeandika:

BATHSHEBA KEMUMA WA KEUMBU
1921 – 1999
Miaka sabini na minane, na bado anakula kwenye bakuli la mawe la Kisii.
Bonyeza hapa.

Unaona akili hiyo? Bakuli lina umri wa mtu. Praful mwenyewe aliposoma alitikisa kichwa, na yeye kichwa hakitikisi ovyo.

Mama bado sijamwambia. Akikubali, vizuri. Akikataa, uso wake tayari uko Amerika.

Masese

*

Minneapolis,
18 Mei 1999

Shikamoo Baba Mdogo,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Mimi ni mzima.

Picha ilifika. Nililiweka tangazo juu kabisa ya ukurasa Alhamisi iliyopita. Huku majumbani kompyuta zinapita kwenye waya wa simu, na picha kubwa hufunguka polepole sana, kwa hiyo ilinibidi nipunguze. Kufikia jana Jumatatu lilikuwa limebonyezwa mara mia nne na kumi na mbili. Mia nne na kumi na mbili, Baba Mdogo. Bwana Praful atafurahi.

Nimeliondoa kwanza ili nilirekebishe.

Nyanya hajambo? Nijibu hilo upesi. Kazi ni nyingi, naishia hapa.

Mokeira

*

Keumbu,
20 Mei 1999

Mwanangu Mokeira,

Barua hii itapishana na yako njiani, lakini siwezi kungoja. Sisi ni wazima wote. Nimesema wote, na leo neno hilo nimelipima kabla ya kuliandika.

Jumapili asubuhi mama alikuwa uani akichambua maharagwe. Tukasikia kilio barabarani. Kuchungulia, ni wakwe zetu wa Gesima, wanawake kumi na wawili, mbele yao Bosibori, dada ya mke wangu, mikono kichwani. Nyuma yao wanaume wawili na kuni na gunia la sukari. Mama alipoona wageni wanalia hakuuliza. Alijifunga leso kiunoni, akatoka, akamkumbatia Bosibori, akalia naye. Unamjua, kwenye adabu hana mchezo. Alilia vizuri kuwashinda wote.

Bosibori akafuta macho, akamtazama, akalia tena, halafu akamtazama vizuri.

"Mama," akasema, "wewe si uko hapa?"

"Niko. Tunamlilia nani?"

"Wewe."

Mama akalegeza leso. "Nani amesema?"

"Mwanangu amepiga simu kutoka Amerika kwa jirani. Amekuona kwenye kompyuta, na picha yako, na miaka yako, ya kuzaliwa na ya kufa."

Mokeira, nimesimama juu ya ngazi ndefu maisha yangu yote, lakini hapo nilihisi kizunguzungu nikiwa chini. Fremu nyeusi. Jina. Mwaka, kistari, mwaka. Niliuchora msalaba, mimi Masese, nikauita tangazo.

Watu walikula wakaenda zao, wengine wamekasirika hasa, maana walikuja kwa miguu. Mama alirudisha kuni, sukari akabaki nayo. Amesema ni ya usumbufu. Mimi ananipa ugali bila mboga na haniangalii.

Jumatatu Mehul alinichapishia ule ukurasa kwenye karatasi. Ule mstari wa bakuli sikuuona. Labda wino uliisha.

Sasa sikiliza. Waambie huko kwamba ni mimi. Fundi ni mimi, fremu ni yangu, picha niliiba mimi. Mimi huku wamenizoea, nikikosea wanacheka na kesho wananiita tena. Wewe huko una jina moja tu.

Masese

*

Keumbu,
5 Julai 1999

Mwanangu,

Wiki sita na zaidi hujaandika. Posta nimekwenda mpaka karani amenikaribisha kiti. Habari za hapa ni nzuri, mahindi yamekomaa, dume limepata jina, linaitwa Kompyuta kwa sababu halisikii.

Mehul amenionyesha ulichoandika juu ya ukurasa: "Bathsheba Kemuma yu hai. Tunaomba radhi." Maneno mazuri. Shida ni kwamba hakuna anayeyaamini. Mwana wa Bosibori amepiga simu tena. Aliambiwa, "Mama mzee yuko hai, nimemwona kwa macho," akajibu, "Ukurasa pia umesema hivyo, ndiyo maana nauliza." Ubao ukishadanganya, hata ukiandika "Mlango huu hapa," watu watazunguka nyuma.

Nilikwenda kwa mama nikapiga magoti. Nikamwambia zungumza wewe, mimi niandike. Alifikiri mpaka chai ikapoa. Maneno haya ni yake, sijaongeza kitu, ingawa nilitamani:

"Mimi Bathsheba nimesikia kwamba nimekufa. Ombati, ulipokuwa mtoto nilikutuma kupanda karanga zangu, ukazila, ukasema ni ndege. Ndege gani anaacha maganda mfukoni? Nilinyamaza miaka arobaini, sasa nimechoka. Wewe mwana wa Bosibori, uliniahidi koti. Uliponililia, ulikuwa unamlilia nani, mimi au koti? Wote mlionililia, asanteni, mmelia kabla ya wakati, kwa hiyo siku yenyewe mje na sukari tu.

"Masese anasema kosa ni lake. Masese tangu utotoni hubeba makosa ya watu ili aonekane ana mzigo. Mokeira, mjukuu wangu, nimeuza ndizi Keumbu miaka hamsini. Ukificha mbovu moja chini ya fungu, mteja hakuambii, anahama tu. Waambie yote. Mimi sijakasirika. Ile picha ni nzuri."

Hivyo ndivyo alivyosema. Uyaweke kwenye ukurasa, au uyachome. Lakini nijibu, hata kwa matusi.

Masese

*

Minneapolis,
29 Julai 1999

Shikamoo Baba Mdogo, na shikamoo Nyanya,

Huku ni joto, na mimi ni mzima. Nilinyamaza kwa sababu kila nilipoandika "natumaini hamjambo" niliona aibu kuendelea.

Wino haukuisha. Mstari wa bakuli niliukata mimi, nafasi ilikuwa finyu. Hilo lilikuwa kosa tu, na kosa ningeliandika mapema. Lisiloandikika ni hili. Mzee Ombati alinipigia simu siku ya pili, Ijumaa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ni kweli, Bathsheba?" Nilifungua ukurasa, nikaona alichokiona. Palepale nilijua. Na pembeni niliona hesabu: watu tisini, halafu mia moja na hamsini. Nikamwambia, "Mzee, ngoja niulizie nyumbani." Nilikuwa naulizia nini? Tangazo nililiacha Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, nikitazama namba zikipanda. Nikijiambia Praful atabaki, na ukurasa utabaki. Wale watu mia nne hawakuwa wanabonyeza bakuli. Walikuwa wanataka kujua mazishi ni lini. Hakuna hata mmoja aliyenunua kitu.

Juni ulitokea msiba wa kweli, mzee mmoja wa upande wa Ogembo. Niliuandika. Mjukuu wake anaishi saa tatu kutoka hapa. Aliusoma, akasema labda ni tangazo la vinyago tena. Aliposadiki, walikuwa wameshamzika jana yake. Alikuja mpaka mlangoni kwangu, Baba Mdogo. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu kama nimewahi kupata habari kwa kuchelewa.

Maneno ya Nyanya niliyasoma kwenye mkutano wa chama, kwa sauti. Tulipofika kwenye karanga, mke wa Mzee Ombati alishika ubavu kwa kicheko, na mzee mwenyewe akasema, "Huyo ni Bathsheba. Hakuna mtu mwingine anayejua habari ya maganda." Mwana wa Bosibori aliinama. Kwa mara ya kwanza wote waliamini kwamba yu hai. Walipokuwa bado wanacheka nikasimama nikawaambia la Ijumaa. Kicheko kilikatika.

Hawakuninyang'anya ukurasa. Wamenipa mpaka Desemba. Misiba itakaa juu, peke yake, na chini ya kila msiba jina la mtu wa nyumbani anayeweza kupigiwa simu kuhakikisha. Matangazo ya biashara yatakaa chini kabisa, ndani ya boksi lao, juu yake imeandikwa "Tangazo la biashara", bila uso wa mtu, bila kuwaka. Nimefanya hivyo. Wiki iliyopita waliobonyeza ni tisa. Watatu kati ya hao tisa wameagiza mabakuli, na Mehul ameniandikia kwamba babake amekubali kukaa.

Jina la kupigiwa simu nimeandika lako, kwa namba ya duka la Praful. Sikukuomba ruhusa. Ni ugonjwa wa ukoo.

Mokeira

*

Keumbu,
11 Oktoba 1999

Mwanangu Mokeira,

Huku mvua za vuli zimeanza, mama anakohoa kidogo na kugomba sana, kwa hiyo ni mzima. Kompyuta amevunja ua wa jirani.

Unajua tayari kwamba mzee Nyamweya wa Gesima alitutoka Jumamosi ile, maana uliandika wewe mwenyewe baada ya Mehul kukutumia habari. Nikaona jina langu pale chini: "Kuhakikisha, mwulize Masese." Jumatatu nilivaa koti, nikaenda Kisii kukaa dukani kwa Praful kando ya simu. Nilikuwa nimepanga hata maneno. Nitasema, "Hapa ni Masese, ndiyo, ni kweli, poleni." Mke wa Praful, Shanta, akaniletea chai ya maziwa yenye tangawizi, na kiti chenye mto.

Simu haikulia. Jumanne nikaenda tena. Ililia mara mbili, zote za watu wanaotaka bei ya vinyago vya twiga. Nikanywa chai sita. Praful akaniuliza kama nimehamia. Jioni nilirudi nyumbani nimeinama, nikamwambia mama, "Imekwisha. Hata kuuliza hawaulizi. Wamemwacha mtoto wa watu na ukurasa wake."

Alhamisi nilikuwa Gesima, uani kwa marehemu, naandika msalaba. Nilikuwa nimefika herufi ya tatu ya jina lake. Nikaona viatu vimesimama mbele yangu, viatu vya nje, vyenye matope mapya. Kuinua macho, ni Ondieki, mwanawe, yule anayeishi mji mmoja na wewe. Begi liko mgongoni, macho mekundu. Mama yake alikuwa ameshatoka ndani anakimbia.

Baadaye, watu walipotulia, nilimwendea. Nikampa pole. Halafu nikashindwa kujizuia, unanijua. Nikamwambia, "Ondieki, nimekaa kando ya simu siku mbili nikingoja uulize kama ni kweli. Mbona hukupiga?"

Akanitazama kama mtu asiyeelewa swali.

"Kuuliza nini, mzee?" akasema. "Si Mokeira ameandika."

Tulimzika Ijumaa, na Ondieki ndiye aliyetupa udongo wa kwanza.

Ni mimi baba yako,
Masese